Gigabaiti 14 za Kiwandani: Nizifute au Nizibakize?

Leo naomba tuweke kando siasa na foleni za Mwenge, tuzungumze habari ya diski. Najua baadhi yenu mtasema huyu naye kaishiwa. Subirini kwanza. Nimekaa na swali hili wiki tatu, na nimeona si swali la mafundi peke yao. Linamgusa kila mtu anayeweka kazi yake ndani ya kompyuta, yaani karibu wote mnaopita hapa.

Swali lenyewe ni hili: ile sehemu ya diski ambayo kiwanda kimejiwekea ndani ya laptopu yako, kwa ajili ya kuirudisha mashine ilivyokuwa siku ilipotoka kwenye boksi, uiache au uifute?

Laptopu yangu ni ya kurithi. Mjomba aliinunua mpya mwaka 2018, akaiandikia ripoti zake za ofisini mpaka alipostaafu, akanipa nilipopata kazi gazetini. Diski yake ni ya gigabaiti 128. Ukiiwasha, Windows inakuambia ni 119. Hakuna aliyekuibia. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024, basi namba inashuka.

Hizo 119 zimegawanywa. Kuna kipande kidogo mwanzoni, megabaiti 260, ambacho kazi yake ni kuiamsha mashine. Kinafuata C, takriban gigabaiti 104, ndimo ilimo Windows na mali zangu zote. Halafu kuna kipande cha gigabaiti moja hivi, hicho ni cha Windows yenyewe, sanduku lake la huduma ya kwanza. Mwisho kabisa kuna D, imeandikwa RECOVERY, gigabaiti 14, imejaa karibu yote, na ukiifungua inakuonya usiguse kitu. Hiyo ya mwisho ndiyo patisheni ya kiwandani ninayoizungumzia.

Siku naanza kuwaza jambo hili, C ilikuwa imebakiwa na gigabaiti sita.

Kwa nini nafasi inanibana hivyo wakati sina sinema wala magemu? Ni sauti. Ninaandika sana habari za ardhi, na habari za ardhi ni kusikiliza. Kinasa sauti changu kinarekodi WAV, na kwa kiwango ninachotumia saa moja inakula karibu megabaiti 635. Mtaniambia nizibane ziwe MP3, ambazo kwa kilobiti 128 saa nzima haifiki megabaiti 60. Kwa muziki wa kwenye daladala ni sawa. Lakini kwenye ardhi watu hukana maneno yao asubuhi ya pili baada ya gazeti kutoka. Nikiulizwa, nataka niwe na rekodi kama ilivyotoka kwenye kinasa, haijabanwa wala kukatwa mahali popote.

Nikapiga hesabu. Gigabaiti 14 ni kama saa 23 za mahojiano. Saa 23 za watu wakizungumza, na upande wa pili Windows ya mwaka 2017 pamoja na antivairasi ya majaribio ambayo muda wake uliisha zamani.

Ukilitazama hivyo unaona jibu ni rahisi. Nami nilidhani ni rahisi mpaka nilipoanza kuuliza watu.

Wa kwanza alikuwa fundi ninayemwamini pale Kariakoo. Hakuinua hata kichwa. "Kaka, hiyo toa tu, inakula nafasi bure. Ikisumbua njoo nikupigie Windows mpya, nusu saa umeondoka." Wa pili alikuwa mjomba mwenyewe. Nilimpigia simu, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Anko," akasema, "mimi hiyo kitu imeniokoa mara mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Na kweli ilimwokoa. Mara ya kwanza alikuwa Kigoma kwa kazi ya wiki mbili, mashine ikagoma kuwaka baada ya virusi kuingia kwa flashi ya mtu. Hakuna fundi wa karibu, mtandao unakuja na kuondoka. Akabonyeza kitufe wakati wa kuwasha kama kijitabu kilivyomwelekeza, akaiacha usiku kucha, asubuhi akakuta kompyuta mpya. Wadau, ukiwa mbali na mji jambo hilo si dogo.

Kwa wasiojua, hadithi fupi ya kitu hiki. Zamani kompyuta mpya ilikuja na CD zake. Ikiharibika unaingiza CD, unaanza upya. Katika miaka ya 2000 watengenezaji wengi wakaacha kutoa CD ili kupunguza gharama, wakaweka picha nzima ya mfumo ndani ya diski hiyo hiyo: Windows, madraiva ya mashine hiyo, na programu walizokubaliana na washirika wao kuzipachika. Kila kampuni ikachagua mlango wake. HP ni F11, Acer ni Alt na F10, ASUS ni F9, Toshiba za zamani ulishikilia sifuri huku unawasha. Mteja wa kawaida haambiwi. Ananunua diski ya 128, anapangishiwa mpangaji asiyemjua, na kodi analipa yeye.

Basi nikaamua niache kusikiliza wanaosema futa na wanaosema bakiza, nijiulize kitu kimoja tu: patisheni hii inalinda nini hasa?

Jibu la kwanza ni kile ambacho haikilindi. Haikulindi diski ikifa. Iko ndani ya diski ile ile, kwa hiyo diski ikienda inakwenda nayo. Ni sawa na kuuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Halafu hailindi kazi yako. Hapa naomba msome polepole. Yuko mwenzangu wa chumba cha habari, dada mmoja hodari sana, laptopu yake ilikwama siku mbili kabla ya makala yake kubwa kutoka. Mtu akamwambia abonyeze kitufe cha kurudisha, kila kitu kitarudi. Neno "rudisha" ndilo lililomponza. Yeye alielewa kwamba vitarudi vitu vyake. Mashine ilielewa kwamba irudi yenyewe ilivyokuwa dukani, na dukani hapakuwa na makala yake, wala picha zake, wala miezi minne ya madondoo. Kila kitu kikafutwa ili kuipisha picha ya kiwandani. Nilimwona amekaa mbele ya ile kioo safi yenye mandhari ya buluu, hata machozi hayakutoka. Makala ilikuja kutoka wiki sita baadaye, ikiwa nusu ya ilivyostahili kuwa.

Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sina wasiwasi, nina patisheni ya kurudisha" anazungumzia bima ya bati na milango. Vilivyomo ndani ya nyumba havimo kwenye bima hiyo.

Na kinyume chake pia ni muhimu, hasa kwa waandishi. Watu huirudisha laptopu kiwandani halafu wanaiuza, wakiamini wamefuta siri zao. Kwenye zile diski za zamani zinazozunguka, kurudisha picha ya gigabaiti 14 kunaandika juu ya sehemu ndogo tu ya diski. Kilichobaki kimefichwa machoni, lakini mtu mwenye programu inayofaa anaweza kukichimbua. Kama una majina ya watu waliokuamini, usitegemee kitufe cha F11 kuwalinda. Diski isimbwe tangu mwanzo, au ifutwe kwa programu ya kazi hiyo.

Sasa, inalinda nini? Nikapata vitu vitatu: leseni, madraiva, na uwezo wa kusimama tena bila intaneti. Nikavichukua kimoja kimoja.

Leseni. Hapa umri wa mashine ndio unaoamua. Laptopu za enzi za XP, Vista na Windows 7 zilikuwa na stika chini, yenye herufi na namba 25. Nani kati yenu ana stika ambayo bado inasomeka? Jasho la mapaja na joto la Dar vimeshaifanya karatasi nyeupe. Kwa mashine za Vista na 7 picha ya kiwandani ilikuwa inajithibitisha yenyewe kwa kuutambua ubao wa kampuni, haikuhitaji hata kusoma stika. Kwa hiyo mtu aliyeifuta, na stika imekufa, alijikuta ana mashine aliyoinunua kihalali lakini hana njia rahisi ya kuthibitisha. Akaenda kwa fundi, akapigiwa Windows ya wizi yenye kidudu cha kuilaghai, na mara nyingi kidudu hicho huja na wageni wengine. Nadhani leseni nyingi halali zimekufa hivyo katika nchi hii, mikononi mwa mafundi wenye haraka, na mwenye mali hakujua kwamba alikuwa nayo.

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mambo yakabadilika. Makampuni mengi yakaanza kuipachika namba ya leseni ndani ya ubao mama wenyewe. Ukiweka upya Windows ya toleo lile lile, inaisoma namba bila kukuuliza. Nikaikagua ya mjomba kwa amri fupi, nikaiona imo. Kwa hiyo kwangu leseni haiko kwenye D. Ningeifuta D leo, leseni ingebaki pale pale.

Madraiva. Hili nalo lilikuwa kubwa zamani. Unaweka Windows mpya, halafu haioni kadi ya mtandao, na draiva ya mtandao iko kwenye mtandao. Windows 10 hutambua vifaa vingi yenyewe, lakini sikutaka kubahatisha. Nikatoa madraiva yote ya mashine yangu, nikayahifadhi kwenye folda moja. Hayakufika hata gigabaiti tatu.

Bila intaneti. Hili ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo la Kigoma. Ni kweli Windows 10 ina njia yake ya kujiweka upya bila kuihitaji picha ya kiwandani, kwa kutumia mafaili yake yenyewe yaliyomo kwenye C. Na tangu mwaka 2020 ina njia ya pili, ya kujipakua upya kutoka mtandaoni, ambayo inaweza kula zaidi ya gigabaiti nne. Mnajua wenyewe habari ya mabando. Gigabaiti nne kwa mtu aliyeko Ulaya ni dakika chache. Kwa mwandishi aliyeko wilayani na salio la mawazo, hizo ni siku mbili na ugomvi. Ushauri wa "pakua tu upya" umeandikwa na mtu asiyehesabu bando.

Lakini nikajiuliza tena: kinachohitajika Kigoma ni patisheni, au ni nakala ya patisheni? Ukiwa na flashi mfukoni yenye picha ile ile, umebeba Kariakoo yako. Tena flashi inafanya kazi hata diski ikifa ukabadilisha, jambo ambalo D haiwezi.

Kuna na suala la umri. Picha iliyomo kwenye D yangu ni ya Windows 10 ya mwaka 2017. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya kizazi ambacho laptopu ya mjomba haikukifikia. Maana yake nikirudisha picha ya kiwandani leo, narudi kwenye mfumo wenye matundu yote yaliyozibwa tangu 2017, halafu nianze kushusha viraka upya. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sawa, lakini ngama yenyewe imeanza kuvuja. Kila mwaka unaopita, thamani ya ile picha inashuka, na nafasi inayokalia haipungui hata baiti moja.

Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kuibakiza mahali ilipo. Nilikuwa na sababu ya kuibakiza mahali pengine.

Nilivyofanya ni hivi. Nilinunua flashi ya gigabaiti 32. Kabla ya kuiamini, niliijaza mafaili mpaka pomoni, kisha nikayasoma tena yote. Fanyeni hivyo wadau, kwa sababu madukani zimejaa flashi zinazojitangaza 64 huku ndani ni nane, na hutajua mpaka siku ya shida. Nikatumia programu ya mtengenezaji iliyomo humo humo ndani ya mashine kutengeneza flashi ya kurudisha. Makampuni mengine yaliruhusu uitengeneze mara moja tu, kwa hiyo fanya kwa utulivu. Nikaizima laptopu, nikaiwasha kwa kutumia flashi, nikaifuata mpaka ukurasa wa mwisho unaouliza kama niendelee kufuta, nikatoka. Nakala ambayo hujaijaribu ni matumaini tu. Flashi ya pili nikaweka Windows ya kawaida kutoka Microsoft, niliyoipakua usiku ofisini, pamoja na ile folda ya madraiva.

Halafu nikaijaza betri mpaka mia, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ya diski utalia. Nikafungua diskpart, kwa sababu kile kidirisha cha kawaida cha kupangia diski kinakataa kuzigusa patisheni za aina hii. Nikahesabu mara tatu namba ya kipande ninachotaka kukifuta. Kile kidogo cha megabaiti 260 ukikifuta mashine haiwaki. Kile cha gigabaiti moja cha Windows nacho nikakiacha: ni kidogo na kina kazi. Januari 2024 watu wengi duniani walipata kiraka cha usalama kilichogoma kuingia kwa sababu tu kipande hicho kwao kilikuwa kimebana mno. Kwa hiyo msichanganye. Vyote viwili huitwa vya kurejesha, lakini kimoja ni cha Windows na kingine ni cha kiwanda.

D ikaondoka kwa sekunde chache. Miaka minane ya kukaa pale, sekunde chache.

Nilitaka kuiunganisha na C, ikashindikana, kwa kuwa kile kipande cha Windows kimekaa katikati yao kama kondakta mlangoni. Zipo programu za kukisogeza. Nikaona sina haja. Nikaitengeneza upya D iwe chumba chake chenyewe, nikaiandika jina: SAUTI.

Mahojiano yote ya ardhi yamehamia humo. Nakala ya pili iko kwenye diski ya nje ambayo naiacha kwa dada yangu Tabata, haikai nyumba moja na laptopu. Faili la kwanza kuhamia lilikuwa la mzee mmoja wa mkoa wa Pwani, saa moja na dakika arobaini. Anaeleza mpaka wa shamba la ukoo wao kwa miti: mwembe huu aliupanda nani, mnazi ule ulianguka mwaka gani, kisiki kiko wapi. Kesi bado inaendelea. Mzee alifariki mwaka jana. Windows ya 2017 nikiitaka kesho nitaipata kwenye flashi, nikiikosa nitaiomba kwa mtu, nikishindwa nitaweka Ubuntu na maisha yataendelea. Ile saa moja na dakika arobaini hakuna kiwanda kinachoweza kuirudisha.

Sasa, sisemi kila mtu afanye kama mimi. Kama diski yako ni ya gigabaiti 500 au terabaiti, na nafasi bado ipo, iache ilale. Akiba haiozi. Kama mashine yako ni ya Windows 7 na stika imefutika, usiiguse kabisa kabla ya kuitoa nakala, hata kama mfumo wenyewe ulikwisha msaada wake Januari 2020. Kuna watu bado wana printa na programu za uhasibu zinazoutegemea. Kama laptopu ni ya ofisi, uliza kwanza. Na kama umenunua ya mtumba, tazama kama patisheni hiyo ipo kweli, maana wengi wanaozikarabati huzifuta kabla hazijafika kwenye kontena.

Lakini uiache au uifute, fanyeni jambo moja kabla wiki haijaisha: tafuteni flashi iliyo nzima, toeni nakala ya kazi zenu, ijaribuni, na iwekeni nyumba nyingine.

Mjomba nilimpigia kumpa taarifa. Akauliza swali moja tu, kama ile flashi nimeijaribu. Nikamwambia nimeijaribu. "Basi sawa, anko. Nitengenezee na mimi moja."

Nyie wenzangu mmefanyaje na za kwenu? Semeni, tujifunze. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.